Ukimya wa Kompyuta si Ushahidi

Mwandishi mmoja wa habari za magari amewanasihi wanunuzi kwamba gari lililotumika lenye turbo, likichomekwa chombo cha kusomea hitilafu na hitilafu isionekane, basi injini yake haijaguswa. Nasi, kwa kuwa kauli hiyo yaweza kumtia mtu hasarani, hatuna budi kuikanusha. Chombo kile husoma makosa yaliyosajiliwa, ilhali programu ya kompyuta ya injini, ikibadilishwa kwa ustadi, haisajili kosa lolote, bali huamuru tu shinikizo kubwa zaidi la hewa na mafuta zaidi.

Tutwae Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 220 na msokoto wa Nm 350: aliyeibadilishia programu huvuka kadiri hiyo, na dhara huziangukia klachi na turbo, bila taa ya dashibodi kuwaka. Ilimpasa mwandishi yule ataje CVN, namba ya kuthibitisha programu, ambayo hulinganishwa na ile ya kiwanda. Ataje na alama ya TD1, ambayo mawakala wa Volkswagen huiandika katika kumbukumbu za gari wagunduapo programu ngeni. Na ikiwa muuzaji mwenye hila amekwisha kuirejesha programu ya asili, CVN nayo haitamfichua. Hapo fundi mwaminifu hutazama hesabu ya mara ambazo kompyuta imeandikwa upya, ingawa hata wakala huiongeza kwa marekebisho halali, kisha huchungulia plagi na bomba la moshi lililo karibu na turbo, kama ni vya kiwandani au vimebadilishwa.