Nyumba kuukuu, kiwanja kikubwa, hati ya nani?

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Mutukula kila mwezi kupeleka mzigo Kampala hufika siku akachoka. Amechoka kulala gesti, na amechoka kukodi stoo ambayo mwenyewe hupandisha kodi anavyotaka. Siku hiyo ndipo dalali humwonyesha nyumba ndogo ya zamani upande wa Mengo au Rubaga. Ina vyumba vitatu, mabati yenye kutu na kuta zenye nyufa. Lakini nyuma yake kuna uwanja ambao lori linaingia na kugeuka, na nafasi inabaki ya kujenga stoo na vyumba vya kupangisha.

Hesabu yake si mbaya. Nyumba mpya ya ghorofa kwenye kiwanja chembamba haimpi mahali pa kushusha hata gunia kumi. Nyumba kuukuu inampa mahali pa kulala leo na mahali pa kujenga kesho. Tatizo ni kwamba anaikagua nyumba, anapiga ukuta kwa ngumi na kutazama dari, ilhali anachonunua hasa ni ardhi. Ukuta ukianguka utajengwa upya. Ardhi ikiwa na kasoro, kila tofali litakalowekwa juu yake ni mali ya ugomvi.

Kasoro ya kwanza ni mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, ikafungua njia kwa bidhaa, watu, huduma na mitaji. Kuhusu ardhi, kifungu cha 15 kiliacha kila nchi ifuate sera na sheria zake. Mahindi yanavuka mpaka kwa cheti chepesi cha uasili, lakini haki ya kumiliki kiwanja haivuki na mtu.

Nchini Uganda, asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala kuwa na umiliki huru. Anachoweza kupata ni lisi, isiyozidi miaka 99, na ikiwa ni ya miaka mitano au zaidi lazima isajiliwe. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni. Kenya nayo inampa mgeni lisi ya miaka isiyozidi 99. Tanzania haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Wengi huikwepa sheria kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la shemeji, mteja wa siku nyingi au mwenye duka jirani. Rafiki huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini akifariki, watoto wake wataona hati yenye jina la baba yao, na mgeni anayedai kuwa fedha zilikuwa zake. Mahakamani atalazimika kueleza kwa nini alificha jina lake mahali ambapo sheria ilimkataza. Nani atamsikiliza?

Kasoro ya pili imo ndani ya mji wenyewe. Ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, inaweza kuwa na watu wawili juu yake: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi hapo na kulipa busuulu kila mwaka. Nyumba nyingi za bei nafuu zenye uwanja mpana ni za vibanja. Muuzaji haongopi anaposema nyumba ni yake, ila ardhi ina mwenyewe mwingine. Sheria inamtaka mwenye kibanja ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 unathibitisha kwamba watu walionana na kukubaliana. Hauwi hati miliki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata malipo ya awali, mnunuzi atafute hati katika ofisi ya ardhi, si kwa dalali. Ampeleke mpimaji wake akaonyeshe mawe ya mpaka. Ahakikishe mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, kwa kuwa makazi ya familia hayauzwi bila ridhaa hiyo. Kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza au Kiganda asichokielewa vizuri, wakili wake amsomee neno kwa neno. Kisha aulize lisi ina miaka mingapi na masharti gani, kwa sababu lisi nyingi huanza na miaka michache yenye sharti la kujenga ndipo ziongezwe. Mwenye miaka mitano asijenge kama mwenye 49.

Wenyeji wanaohofia wageni wenye fedha kununua mitaa yao wana haki ya kuhofia. Lisi ni njia ya haki kwa pande zote: mgeni anapata muda wa kurudisha mtaji wake, na ardhi inabaki ya nchi. Lakini njia hiyo lazima iwe rahisi kama ile ya bidhaa. Serikali zilizoweza kutengeneza utaratibu mwepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 zinaweza pia kuweka kwenye vituo vya mpakani maelezo ya ardhi kwa Kiswahili, yanayosema mgeni anaruhusiwa nini na aanzie ofisi gani.

Hadi hapo zitakapofanya hivyo, njia ya mkato ya jina la rafiki itaendelea kuvutia. Mfanyabiashara asiyekubali kupokea mzigo bila risiti asikubali kununua kiwanja chenye jina la mtu mwingine.