Numero ya nyumba yako ni ya nani?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama, leo sitasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya vumbi la mgodini. Nataka kusema juu ya numero ya nyumba.

Usiku mumoja wa mwezi wa pili, mvua ikinyesha na umeme umekatika tangu asubuhi, simu ililia kwenye dispanseri yetu. Alikuwa tata mumoja: mutoto wake wa miaka mitatu, mwenye malaria, alikuwa anatetemeka mwili wote, macho yamegeuka. Akanipa jina la avenue na numero 47, kisha simu yake ikazimika.

Mimi na shofere tulifika kwenye ile avenue kisha dakika 6. Nyumba yenyewe tuliipata kisha dakika 22 zingine. Numero 47 ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya mulango wa chuma, na mvua ilikwisha kuifuta. Nyumba ya kuume ilikuwa 43 bis. Ya kushoto haikuwa na kitu. Tulipiga hodi pahali patatu. Wawili walinyamaza, na siwalaumu, maana usiku mutu hafungulii kila sauti.

Mutoto alipona. Lakini leo anavuta muguu mumoja. Siwezi kuapa kwamba ni zile dakika, kwa sababu malaria ya kichwani inaweza kuacha alama hata kwa mutoto aliyesaidiwa mapema. Ninalojua ni hili: degedege lisilokoma linaumiza ubongo, na dawa ya kulikomesha ilikuwa ndani ya sanduku langu muda wote tulipokuwa tunazunguka.

Wazee wetu wanakumbuka kampi za Union Minière, na za Gécamines iliyokuja nyuma yake mwaka 1967. Nyumba zilipangwa mustari, kila moja na numero yake, na rangi ilikuwa kazi ya kampani. Leo nyumba nyingi ni mali ya watu wenyewe. Jambo jema! Lakini mwenye nyumba amejenga ukuta mbele, na ile numero ya zamani imebaki ndani ya lupango, inaangaliwa na kuku. Tena lupango umekatwa mara mbili, mara tatu, ndipo tunapata 12, 12 bis, 12 ter, na mulango wa 12 ter unatokea kwenye avenue nyingine kabisa. Kwa wafanyakazi wanaopanga Katuba, Kenya ao Ruashi, mambo ni yaleyale.

Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea kuelekezana kwa alama. «Ukifika kwa mama wa mikate, karibu na mwembe mukubwa, utaona mulango wa bulu.» Muchana inafaa sana. Lakini saa nane ya usiku mama wa mikate amelala kwake, mwembe umekuwa kivuli kama vivuli vingine, na bila umeme kila mulango ni mweusi. Simu za leo zinaweza kuonyesha avenue; hazitaonyesha mulango ambao hauna jina.

Wako wandugu wanaoniambia: «Munganga, numero inaita watu wa kodi, na wale wa kukata umeme.» Nimecheka, lakini nimefikiri pia. Mutu anayekudai franga anaijua nyumba yako hata gizani, atamuuliza mutoto yeyote wa avenue na kesho atarudi. Mimi sina kesho. Asiyeijua nyumba yako ni mumoja tu, ni yule anayekuja mara moja, usiku, kwa ajili ya bibi yako anayetoka damu kisha kuzaa. Numero si yako wewe unayelala humo. Ni ya huyo mugeni.

Basi, andika kwa rangi ya mafuta, wala si kwa chaki ao makala. Nyeupe juu ya nyeusi, ao nyeusi juu ya nyeupe, kila tarakimu irefu kama kiganja cha mukono. Iandike juu ya nguzo, si juu ya mulango wenyewe: ukiufungua, numero inageukia ndani. Kata majani yanayoifunika, na wakati wa kiangazi upanguse vumbi jekundu. Siku ya shida, utoe numero pamoja na avenue na kartye, na mutu mumoja asimame barabarani na tochi. Mutoto mukubwa anaweza kazi hiyo.

Kopo dogo la rangi linatosha nyumba nyingi. Majirani wanaweza kuchanga.

Juma lililopita nilipita tena kule. Yule tata amepaka 47 juu ya nguzo zote mbili, kubwa hata zimepita kipimo. Nyumba ya kushoto bado haina kitu.