Mwacheni binti aandike ripoti

MSUMARI WA IJUMAA
Na Mama Zubeda

Juzi nilikuwa Kariakoo kwa fundi kompyuta, kwa shida ileile ya printa ambayo wasomaji wa safu hii mmeichoka kuliko mimi. Akaingia binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, laptopu kaikumbatia kifuani. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akawageukia vijana waliojaa mle ndani. Windows 10 yake haipati tena matunzo ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 imeikataa mashine kwa kuwa ni ya zamani, haina hata hicho kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. RAM ni GB 4. Ana ripoti ya mazoezi ya hospitali ya kuandika.

"Kaka zangu," akasema, "nimeambiwa kuna Linux, ni ya bure na haielemei mashine. Niweke ipi?"

Maskini ya Mungu. Hakujua anawauliza nani.

Wa kwanza alisema Arch, kwa sababu ukiiweka Arch ndipo utaijua kompyuta. Wa pili akamkata kauli: Fedora, na iwe na KDE. Wa tatu, mwenye miwani, akasema distro ni Debian tu, nyingine nyingi ni watoto na wajukuu zake. Wa nne hakusema kitu. Aligeuza laptopu yake ili sote tulione lile joka la Kali Linux, akangoja tushangae.

Hapo wakaingia kwenye desktopu. GNOME ni ya tableti. KDE ina mipangilio mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Xfce ni ya wazee, na aliyesema hivyo alinitazama mimi. Yule wa Arch akafungua yake: hakuna menyu, hakuna ikoni, kuna katuni ya Kijapani na vijidirisha vilivyojipanga vyenyewe. "Mausi siigusi kabisa," akasema kwa fahari. Binti akauliza polepole, "Sasa Word unaifunguaje?" Hakujibiwa. Walikuwa wameshahamia kwenye ubishi wa namna ya kusakinisha programu, na mmoja alikuwa amesimama.

Mambo haya niliyaona stendi ya Ubungo enzi zile, kabla mabasi hayajahamia Mbezi. Abiria wa Mwanza mkono umeshikwa na mpiga debe wa basi hili, begi limeshachukuliwa na wa basi lile, wanatukanana juu ya kichwa chake, na mabasi yote mawili yanapita Dodoma.

Maana ukweli wenyewe ni mfupi. Linux ni kiini tu, kerneli, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Watu wakaipangia programu juu yake na njia ya kuzisasisha, mkusanyiko huo wakaupa jina, ndiyo distro. Unachokiona kwa macho, menyu na madirisha na saa pale pembeni, ni desktopu, na distro moja huweza kuwa na desktopu hii au ile. Ubuntu yenye KDE huitwa Kubuntu, yenye Xfce huitwa Xubuntu. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Kwa hiyo mwenye miwani alikuwa na hoja, ila hoja hiyo haimsaidii mtu mwenye ripoti ya Jumatatu.

Mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Mnajua nitatoka hata msiporuhusu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice zikiwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na baadaye ukiiomba ulitumiwa CD bure kwa posta. Bahasha inafika kwenye sanduku lako, hulipi hata stempu. Sasa pakua hiyo Ubuntu leo kwa bando lako mwenyewe: faili linapita GB 5. Mint ni karibu GB 3. Niliwauliza vijana wale kuhusu Jambo OpenOffice. Walinitazama kama nimetaja jina la marehemu wasiyemfahamu. Ni haki yao, lakini wale wa 2004 walianza na swali la mtu anataka kuandika nini na kwa lugha gani. Hawa wameanza na joka.

Na chanzo cha ubishi huu nakijua, msinizungushe: hawana kazi ya kufanya kwenye hizo kompyuta. Mwenye kazi anafungua faili lake, anamaliza, anakwenda kula. Asiye na kazi anabadilisha desktopu. Kali ni zana ya watu wanaojaribu usalama wa mitandao, na walioitengeneza wenyewe wameandika kwamba mgeni wa Linux asianze nayo. Yule kijana wa joka muda wote nilipokuwa pale alikuwa anatazama mechi.

Tena hata wakubwa hubadilisha. GNOME ilipotoa toleo la 3 mwaka 2011 na kuondoa vitu watu walivyovizoea, Torvalds mwenyewe aliikimbia akahamia Xfce, hiyohiyo ya wazee, kisha baadaye akairudia GNOME. Watu wa Mint wao walikasirika kikazi zaidi: wakatengeneza Cinnamon, yenye menyu chini kushoto pale mtu wa Windows anapotazamia kuikuta. Hasira ya namna hiyo naiheshimu.

Nilitaka kumwambia binti hivi: chukua Mint yenye Xfce, maana RAM yako ni ndogo. Iwekwe kwenye flashi, uwashe kompyuta kutokea humohumo bila kugusa diski. Tazama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inawaka. Fungua LibreOffice, imo tayari, ufungue ripoti yako. Majedwali huenda yakahama kidogo, utayarudisha. Ukiridhika, nakili mafaili yako pembeni, kisha usakinishe. Ulinganishaji wa anayeanza ni huo tu, na hauhitaji mwanamume wa kusimama.

Sikuwahi. Fundi, mwenye duka, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alinyoosha mkono akaichukua laptopu, akachomeka flashi yake nyeusi, akampigia Windows ya wizi, iliyofunguliwa kwa ufunguo ambao hata yeye hajui ulitoka wapi. Akapokea hela yake. Binti akashukuru, akaondoka anakimbia kuwahi gari. Mabingwa wanne wa programu huria walikuwa bado hawajakubaliana kuhusu rangi ya mandhari.

Mtaniandikia, najua, kama mlivyoniandikia nilipowagusa watu wa drone za harusi. Andikeni. Wa Fedora nitawasoma, wa Debian nitawajibu. Arch nimeiacha nje ya ushauri wangu makusudi, na wala sihofu kwamba itasahaulika: wenyewe watajitaja kabla wino wa gazeti hili haujakauka.