i7 Ni Stika Tu, Msee

Wasee, kuna swali moja huwa naulizwa kila wiki: "Niongeze kadi gani ya picha ndio gemu ziache kukwama?" Na kila wiki narudisha swali langu: prosesa yako ni gani? "Ni i7 bro." Sawa, i7 gani? "i7 tu. Ya 3.4."

Sicheki mtu hapa. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo hivyo, na jibu hilo lilinikula shilingi 24,500.

Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu ilikuwa ya mezani, zile za ofisi tunaita ex-UK. Ndani ilikuwa na i7-2600 na kadi ya GTX 1050 Ti. Kwa Counter-Strike 2 nilikuwa napata fremu kama 70 kwa sekunde, halafu bomu la moshi likirushwa na watu watano waanze kufyatuliana, inashuka hadi 35. Nikaamua shida ni kadi. Miezi saba nikachanga doo ya kupiga picha harusi na kuedit video za watu, nikanunua GTX 1660 Super ya mtumba pamoja na pawa saplai ya kuibeba. Muuzaji akaniambia, "Hapo sasa utapaa." Nikafika nyumbani, nikafunga, nikawasha. Fremu 74. Moshi ukirushwa, 37.

Manze, hiyo usiku nililala bila kula, na chakula kilikuwepo.

Kitu sikuwa najua ni hiki. Kabla kadi ichore chochote, prosesa lazima kwanza ipige hesabu: wewe umebonyeza nini, adui wako wapi, risasi imegonga ukuta ama mtu, kitu gani kionekane na kipi kifichwe. Ikimaliza ndio inaambia kadi, haya, chora. Sasa, ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 16.7 pekee. Ukitaka 144, hata 7 hazifiki. Prosesa yako ikitumia milisekunde 25 kwa hesabu ya fremu moja, hutawahi kupita fremu 40. Weka kadi ya laki mbili ukitaka. Itakaa ikingoja, kama mpishi wa chapati mwenye jiko limewaka na tawa moto, lakini anayekanda unga bado ako na donge la kwanza.

Na angalia vile hii kitu ni mbaya. Prosesa inalemewa wakati kuna mambo mengi. Ukiwa umejificha peke yako kwa kona, fremu 110, unajiona mfalme. Mkikutana watu kumi mlangoni, 37. Yaani inakuangusha pale pale ulipokuwa unaihitaji, halafu wastani inaandika 74 na unadhani uko sawa. Nimepoteza mechi nyingi sana nikidhani mkono wangu ni mzito.

Sasa kuhusu hiyo "ya 3.4". Pentium 4 ilikuwa imefika gigahezi 3.8 mwaka 2004. i7-2600 ilitoka 2011 na inaanzia 3.4. i3-12100 ilitoka 2022 na inaanzia 3.3. Ukisoma hizo namba kama bei za sukari, utasema Pentium ndio mkubwa wa wote. Kwa gemu, hiyo i3 inaiacha i7 ya 2011 mbali sana. Gigahezi inakuambia prosesa inapiga mapigo mangapi kwa sekunde; haikuambii kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Matatu mbili zinaweza kupiga trip sawa kutwa nzima, lakini moja inabeba 14 na nyingine 33.

Kuna mfano mwingine napenda sana. Ryzen 7 5800X inafika gigahezi 4.7. Ndugu yake, 5800X3D, inafika 4.5, yaani kwa karatasi iko nyuma. Lakini imepewa kache ya megabaiti 96 badala ya 32, kwa hivyo vitu vingi inavyohitaji viko karibu, haiendi kuvitafuta kwa RAM kila saa. Kwa gemu nyingi, hiyo yenye gigahezi kidogo ndiyo inatoa fremu nyingi.

Kwa laptopu ndio kuna maajabu kabisa. i7-7500U ya 2016 ina viini viwili tu. i5-8250U iliyokuja mwaka uliofuata ina vinne. Lakini enda uone ni gani inaitishiwa bei ya juu juu ya jina.

Najua kuna mtu ataniambia kadi pia ni muhimu. Ni kweli. Ukicheza Cyberpunk 2077 na kila kitu kimewekwa juu kabisa, ama uko na skrini ya 4K, kadi ndio italia kwanza. Kwa hivyo usiniamini mimi, pima. Fungua gemu yako, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikiruka juu, kadi ndio ilikuwa imechoka. Zikikaa pale pale, shida ni prosesa. Hiyo ni bure, dakika mbili, na mimi nilikuja kuijua nikiwa nishalipa.

Muuzaji wangu hakuniibia, wacha niwe mkweli. Niliuliza kadi, akaniuzia kadi, na iko poa. Lakini duka linalobandika "i7 ya gemu" juu ya mashine ya 2011 linajua vizuri linachofanya, na linategemea wewe usiulize. Namba yote iandikwe, si herufi moja na tarakimu moja. Na kama haijaandikwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya CPU, jina lote liko hapo. Fanya hivyo kabla hujatuma M-Pesa, si baada.

Baadaye nilinunua i3-12100, na ikabidi bodi na RAM pia, nikahamisha ile ile 1660 Super. Sai napata kama 150, na kwa moshi haishuki chini ya 90.

Ile i7 bado iko kwa nyumba. Siz anaandikia asaimenti za chuo na haijawahi kumsumbua. Juzi jirani aliiona, akauliza kama naiuza, "si ni i7?" Nikamwambia namba yote na mwaka, halafu bei. Bado anafikiria.