Tangazo lilitoka, hukulisoma

Soko la mtandaoni likiiondoa sarafu fulani ya kripto, kilio kwenye vijiwe vya Mwanza, kuanzia Usagara hadi Kirumba, ni kile kile: tumeibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeibiwa. Tangazo lilitoka, likapuuzwa.

Chukua mfano wa sarafu ya Monero. Tarehe 6 Februari 2024, soko la Binance lilitangaza kuwa lingeacha kuiuza tarehe 20 mwezi huo, saa 12 asubuhi kwa saa zetu. Waliokuwa nayo wakapewa hadi 20 Mei kuihamisha. Miezi mitatu na zaidi! Bei ilianguka siku ile ile ya tangazo, na bado wapo waliokaa wakisubiri ipande.

Sababu zinaeleweka. Monero inaficha mtumaji, mpokeaji na kiasi, wakati Binance ilikuwa imekiri makosa Marekani Novemba 2023 na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4 kwa kushindwa kuzuia fedha chafu. Sarafu nyingine huanguka zenyewe: LUNA iliporomoka Mei 2022, ndani ya siku chache tu, kutoka zaidi ya dola 80 hadi chini ya senti moja. Nyingine hukosa wanunuzi, au waliozianzisha wanazitelekeza. Soko linaishi kwa ada ya miamala. Sarafu isiyouzika ni meza inayojaza nafasi bure.

Kwa hiyo, wewe uliyeweka fedha ya boda au ya dagaa humo, fungua simu leo usome matangazo yote uliyoyaruka. Sarafu yako ikitajwa, iuze au ihamishie kwenye pochi yako mwenyewe kabla ya tarehe ya mwisho. Maneno ya siri ya pochi yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Kazi ya nusu saa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya onyo la Benki Kuu la Novemba 2019 kwamba kripto si fedha halali nchini. Hapa hapa Mwanza, Juni 2021, Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wa kripto. Julai 2024 ikaanza kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Anayechukua kodi ayabane masoko hayo: yanapoondoa sarafu, yamtumie kila mteja Mtanzania ujumbe wa Kiswahili, wenye sababu na siku ya mwisho ya kutoa mali yake.