Sheria ya kodi ya nyumba imemwacha mpangaji wa Eastlands

Kila mwezi kodi inapochelewa, hapa Kayole, Eastlands ya Nairobi, utaona mlango umetiwa kufuli juu ya kufuli la mwenye chumba. Mtoto ametoka shule, daftari limefungiwa ndani, mama anambembeleza keteka, msimamizi wa ploti, amruhusu kutoa japo jiko na sufuria. Wengine hung'olewa mlango wenyewe.

Wengi wetu hudhani mwenye ploti ana haki hiyo. Hana. Deni ni deni na lilipwe, lakini vitu vya mpangaji hushikwa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria, si na keteka.

Linaloniuma ni kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi humlinda tu anayelipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha tangu miaka ya 1980. Umoja au Donholm, nyumba ya bei hiyo iko wapi? Kwa hiyo baraza la kodi la sheria hiyo linamfungia mlango mtu yule yule ambaye liliundwa kwa ajili yake. Bunge lililetewa Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021, ukaisha bila kuwa sheria.

Wabunge wetu wa Eastlands waurudishe mswada huo. Nayo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ilete wasaidizi wa kisheria kwenye ofisi za machifu mitaani. Shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likiwatetea maskini tangu 1973. Mzigo huu si wa mashirika pekee.

Mpangaji,
Kayole, Nairobi