Barua Iliyolala Siku Tisa

Mwezi uliopita barua kutoka shule anakosoma binti yangu ililala siku tisa ndani ya kompyuta yangu hapa Nzuguni, nami sina habari. Ilitaka kibali cha mzazi kwa safari ya Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya kale ya miambani. Basi likaondoka bila yeye. Siku mbili mtoto hakunisemesha. Shule haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyejidai mpangaji hodari.

Natumia Mutt, programu ya barua pepe ya maandishi matupu, iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Huenda vyema katika kompyuta kuukuu, wala haili kifurushi cha intaneti kwa pupa. Nilikuwa nimeweka kichujio kinachogawa barua: za kazini huku, za shule kule. Lakini Mutt haichungulii kila folda kwa hiari yake. Nikawa kama mtu mwenye masanduku matatu pale posta, aendaye kila siku na ufunguo wa moja tu.

Dawa yake ni mstari mmoja katika faili la maagizo liitwalo .muttrc:

mailboxes =shule =kazini =jamaa

Alama ya = husimama badala ya folda kuu, ile uliyoitaja kwa agizo la set folder. Kisha bonyeza c, na Mutt yenyewe itakutajia folda yenye barua mpya. Ukipenda kuziona zote, bonyeza ? halafu Tab, zenye barua mpya zitakuwa na herufi N.

Upo mtego mmoja. Katika mtindo wa mbox, barua zote za folda hukaa katika faili moja, na Mutt hulinganisha saa faili lilipobadilishwa na saa liliposomwa mara ya mwisho. Programu ya kuweka nakala za akiba ikilisoma usiku, barua mpya yaweza kuonekana imekwisha kusomwa. Agizo set check_mbox_size=yes huifanya Mutt itazame ukubwa wa faili badala ya saa. Mimi nimehamia Maildir, ambako kila barua ni faili peke yake, na ile mpya huingia kwanza katika chumba kiitwacho new.

Nilipokuwa nikiandika ule mstari, binti yangu alisimama nyuma ya kiti. Mimi nilikuwa nimetanguliza kazini. Akaniamuru nianze na shule, nami nikatii.